Ndege wa ukingo wa maji na msimu wa kutaga, kutoka Nakuru hadi Dunga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yametokana na maswali tunayoulizwa na walimu wanaoleta wanafunzi ziwani, na familia zinazotembea siku za mapumziko, na vilevile na wachungaji na wakulima wanaoishi jirani na vinamasi vya Bonde la Ufa na Nyanza. Yanahusu zaidi ndege wanaotaga kwenye ule ukanda ambao si ziwa kamili wala si nchi kavu: matope, nyasi fupi, mafunjo na visiwa vidogo. Wageni wengi hutazama katikati ya maji, lakini sehemu kubwa ya maisha ya ndege hawa, pamoja na hatari nyingi zinazowakabili, iko pembeni.

Ulaya ndege hutaga majira ya kuchipua. Kwetu msimu huo ni upi?

Ikweta inapita katika nchi yetu, na urefu wa mchana haubadiliki kiasi cha kumjulisha ndege kwamba wakati wa kujenga kiota umewadia. Kinachomjulisha ni mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta wadudu, vyura na nyasi mbichi, na ndege wengi wa majini huanza kujenga mvua zinaponyesha ili makinda waanguliwe wakati chakula ni tele. Magharibi mwa nchi, hususan Trans Nzoia, Nandi na Kakamega, mvua haifuati sana mgawanyo huo wa vipindi viwili. Huanza Machi na kuendelea, mara nyingi, hadi Agosti au Septemba, na kwa sababu hiyo msimu wa viota huko hurefuka na mipaka yake haionekani wazi.

Hata hivyo si kila ndege anaifuata mvua. Baadhi ya wale wanaotaga juu ya mchanga na matope makavu hungoja maji yarudi nyuma na kuacha uwanja wazi, na korongo yule mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni (Leptoptilos crumenifer), anayejulikana sana na wakazi wa Kisumu, huanza kutaga mvua zinapopungua, kwa kuwa madimbwi yakikauka vyura na samaki hukusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo hakuna mwezi ambao mtu anaweza kutembea ukingoni mwa maji akiwa na hakika kwamba hapana kiota.

Mbona mwezi wa Aprili vitwitwi wanaonekana wamebadilika rangi?

Hao ndio wenye majira ya kuchipua, ila majira yao yako mbali. Vitwitwi (ndege wadogo wa matopeni) wengi tunaowaona Nakuru na Elmenteita hawatagi hapa kamwe. Huwasili kuanzia mwishoni mwa Julai na Agosti, wakubwa wakitangulia na wachanga wa mwaka huo wakifuata Septemba na Oktoba, kisha hukaa nasi hadi Aprili au mwanzo wa Mei. Kitwitwi mdogo (Calidris minuta), ambaye kwa kawaida uzito wake ni gramu 20 hadi 30 tu, hutaga kwenye nyanda baridi za kaskazini kabisa mwa Ulaya na Asia. Mwenzake mwenye domo lililopinda chini (Calidris ferruginea) hutaga Siberia, kwenye pwani za Aktiki.

Mnamo Machi na Aprili ndege hawa hula bila kupumzika na kuweka mafuta mwilini kwa ajili ya safari, huku manyoya ya kijivu yakipukutika na mapya ya rangi ya arusi yakitokea. Kifua cha Calidris ferruginea huwa chekundu kama tofali. Ninaona hizi ndizo wiki nzuri kuliko zote kwa mtu anayejifunza kuwatambua, kwa sababu mnamo Novemba karibu wote hufanana, ilhali Aprili kila aina hujitambulisha yenyewe. Ni muhimu pia kuelewa kwamba kuwakurupusha wakati huo kuna madhara yasiyoonekana: kila wanaporuka bila sababu hutumia sehemu ya akiba waliyoitafuta kwa siku nyingi. Ukiona wachache wamebaki Juni au Julai, usidhani wamepotea. Aghalabu ni wale wa mwaka wa kwanza ambao bado hawajafikia umri wa kutaga.

Ni ndege gani hasa wanaotaga hapa ukingoni?

Wako wengi, nami nitataja wale ambao mgeni makini anaweza kuwaona bila taabu. Anayevuta macho kwanza ni yule mweusi kwa mweupe mwenye miguu mirefu sana ya rangi nyekundu (Himantopus himantopus). Hutaga juu ya vichuguu vidogo vya matope au nyasi vilivyozungukwa na maji ya kina kifupi, na maji yakianza kupanda huongeza vijiti na majani chini ya mayai ili kuinua kiota. Kazi hiyo huifanya kwa bidii ya ajabu, ingawa mvua kubwa ya usiku mmoja inaweza kuishinda. Jamaa yake mwenye domo jembamba lililopinda juu (Recurvirostra avosetta) hupatikana zaidi kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa.

Kwenye nyasi fupi kuna ndege wa jenasi ya Vanellus. Mmoja (Vanellus armatus) hutoa mlio mkavu wa chuma kugongwa, na wazungumzaji wa lugha kadhaa wamempa jina la mhunzi kwa sababu hiyo. Mwingine (Vanellus spinosus) ana mwiba kwenye kiwiko cha bawa, naye huutumia kwa ukali dhidi ya yeyote anayesogelea makinda yake. Wa tatu (Vanellus crassirostris) ana vidole virefu vinavyomwezesha kutembea juu ya mimea inayoelea, na ndiyo maana tunamwona zaidi Ziwa Viktoria na Naivasha kuliko kwenye magadi ya Nakuru.

Kuna pia mdogo sana wa mchangani (Charadrius pecuarius), ambaye kwa maoni yangu anastahili sifa kuliko anazopewa. Hutaga mayai mawili kwenye shimo dogo, na akishtushwa huyafukia upesi kwa kurusha mchanga kwa miguu kabla ya kuondoka, hata mtu anayesimama hatua mbili kutoka hapo asione chochote. Ufundi huo huyaficha mayai yasionekane na kunguru, lakini hauyakingi na kiatu wala kwato.

Kwenye mayungiyungi na gugu maji yupo sile (Actophilornis africanus), mwenye vidole virefu kupita kiasi na paji la buluu. Kwa sile, jike ni mkubwa kuliko dume na huweza kuwa na madume kadhaa. Yeye hutaga tu, na dume ndiye anayeatamia na kulea. Hatari ikitokea, dume huwabeba makinda chini ya mabawa yake, na mtazamaji huona vidole virefu vikining'inia ubavuni mwake. Mpango kama huo upo kwa ndege mwingine wa kinamasi mwenye macho makubwa (Rostratula benghalensis), ambaye jike ndiye mwenye rangi za kupendeza, naye dume amevaa rangi za majani makavu kwa kuwa ndiye anayekaa kiotani.

Kwa nini watage chini, mahali penye hatari zote hizo?

Kwa sababu makinda wao hawakai kiotani. Kinda wa ndege hawa huanguliwa macho yakiwa wazi na mwili ukiwa na manyoya laini, na ndani ya saa chache huanza kutembea na kujitafutia wadudu mwenyewe, huku wazazi wakimlinda na kumfunika wakati wa baridi. Kiota basi ni makazi ya mayai peke yake kwa wiki tatu au nne, na kinachohitajika ni kuwa karibu na chakula na kutoonekana. Mayai, ambayo kwa aina nyingi huwa manne na hupangwa ncha nyembamba zikielekea katikati ili yote yaenee chini ya tumbo la mzazi, yana madoa yanayofanana kabisa na udongo yalipo.

Heroe (flamingo) ni wengi Nakuru. Mbona hatuoni viota vyao?

Heroe mdogo huja Nakuru kula, si kutaga. Chakula chake ni viumbe vidogo vya kijani-buluu vinavyoitwa Arthrospira, ambavyo hustawi kwenye maji yenye magadi mengi. Kutaga hutaga karibu wote katika Ziwa Natron, Tanzania, ambako tope la magadi ni kali na limezunguka viota pande zote kiasi kwamba fisi na mbweha hawawezi kufika. Kila jozi hujenga kichuguu cha tope na kutaga yai moja tu. Siri hiyo haikujulikana na wanasayansi hadi miaka ya 1950, pale mtaalamu wa ndege Leslie Brown alipoyafikia makazi hayo kwa tabu kubwa iliyokaribia kumgharimu maisha. Mwaka 1962, Natron ilipofurika, heroe wengi sana walitaga Ziwa Magadi badala yake, na huko magadi yakaganda miguuni mwa makinda hadi wakashindwa kutembea. Watu walijitolea kuingia tope hilo na kuyavunja kwa mikono, wakaokoa maelfu.

Tunataja hayo kwa sababu wageni wengine huondoka Nakuru wakiamini kwamba mbuga ikilindwa basi heroe wamelindwa. Aina hii inategemea mtandao mzima wa maziwa: Nakuru, Elmenteita, Bogoria, Magadi na Natron. Ziwa moja likiharibika, mengine hayawezi kuziba pengo lake lote.

Na mwari je?

Mwari mweupe hutaga kwenye visiwa vya mawe vya Elmenteita, si Nakuru. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kwa muda mrefu Elmenteita haikuwa na samaki wa kuwatosha, hivyo wazazi walivuka kila siku hadi Nakuru kuvua, wakipanda angani kwa hewa ya joto inayoinuka baada ya jua kukolea. Samaki wenyewe si wa asili ya Nakuru. Ni ngege wadogo wanaostahimili magadi, walioletwa katika miaka ya 1950 na 1960. Ukiona kundi la mwari likizunguka juu polepole mnamo saa nne au saa tano asubuhi, huenda ni wazazi walio safarini. Watu hawaruhusiwi kusogelea visiwa hivyo, kwa sababu nzuri: mwari wakikimbia kwa pamoja hukanyaga mayai yao wenyewe.

Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda, ndege wa ukingoni walikwenda wapi?

Swali hili huulizwa sana na watu waliotembelea mbuga wakiwa wanafunzi kisha wakarudi na watoto wao. Ziwa Nakuru halijawahi kuwa na kimo kimoja. Katikati ya miaka ya 1990 lilikaribia kukauka. Lakini kuanzia mwaka 2010 maji yalianza kupanda kwa namna ambayo wakazi wengi hawakuwahi kuishuhudia, na eneo la ziwa likapanuka kutoka chini ya kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60. Lango kuu la zamani na ofisi zake zilizama, barabara ya kulizunguka ziwa ikakatika, na migunga ya manjano iliyokuwa pambo la ukingo ikafia majini. Sababu zinazotajwa na wataalamu ni mvua kubwa za miaka hiyo, pamoja na udongo unaotiririka kutoka kwenye vyanzo vya mito vilivyokatwa miti katika Msitu wa Mau.

Kwa ndege, mabadiliko yalikuja kwa njia mbili. Kwanza magadi yalipungua makali kwa kuchanganyika na maji mengi ya mvua, chakula cha heroe kikapungua, nao wakahamia kwa wingi Bogoria na kwingineko. Pili, na jambo hili halikuandikwa sana magazetini, uwanja mpana wa matope uliolizunguka ziwa ulimezwa. Maji yalifika moja kwa moja kwenye majani marefu na vichaka, na ndege anayetaga kwenye tope tupu akakosa pa kutaga. Ndege hao hawakufa wote. Walitawanyika kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka, kwenye midomo ya mito na kwenye ukingo wa Elmenteita. Wengine walinufaika. Migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji, nao mnandi wanaitumia kwa viota na kwa kuanikia mabawa, kwa kuwa nyani na paka mwitu hawawafikii kwa urahisi.

Maoni yetu ni kwamba ukingo huhama pamoja na maji, na ndege huufuata mradi tu upate nafasi ya kuhamia. Mahali ambapo uzio, barabara au nyumba ziko mita chache kutoka majini, ukingo hauna pa kwenda. Hali hiyo haiko Nakuru peke yake. Mnamo Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipita kimo cha juu kilichowekwa 1964, na wakazi wa ufuoni Kisumu wanakumbuka jinsi maji yalivyoingia nyumbani na mafunjo yakang'oka na kuelea kama visiwa.

Nikiwa Kisumu, naweza kuona viota wapi?

Kwa viota vya miti, kuna eneo linalojulikana kusini-mashariki mwa jiji, karibu na barabara ya kwenda Ahero, ambako yangeyange, kulasitara, kwarara, mnandi na korongo hukusanyika msimu wa mvua na kutaga pamoja kwa kelele nyingi. Ni mahali pa kutazama kwa darubini kutoka mbali, si pa kuingia chini ya miti.

Kwa ndege wa mafunjo nenda Dunga, kinamasi kilicho ufuoni mwa Ziwa Viktoria. Hapo hutaona kiota, na usijaribu, lakini utaweza kumsikia na pengine kumwona mmoja wa ndege ambao duniani hawaishi pengine ila kwenye mafunjo ya nchi zinazopakana na Ziwa Viktoria na majirani zake: mgongo mweusi, kifua chekundu cha damu, utosi wa manjano (Laniarius mufumbiri). Dume na jike huitikiana upesi hivi kwamba masikio hudhani ni ndege mmoja. Wenyeji wa Dunga hukata mafunjo kwa ajili ya mikeka na vikapu, na kazi hiyo si adui wa ndege ikifanywa kwa zamu, sehemu moja ikikatwa na nyingine ikiachwa ikomae. Kinachoangamiza ni moto, na pia kulima hadi majini.

Anayetaka kinamasi kikubwa zaidi na aende Yala, katika kaunti za Siaya na Busia, ambacho kina takribani hekta 17,500 pamoja na Ziwa Kanyaboli. Ndani yake bado wapo nzohe (swala wa kinamasini), na mafunjo yake huchuja matope ya mito kabla hayajafika Ziwa Viktoria. Sehemu ya kinamasi hicho imekwisha kugeuzwa mashamba, na tungependa kila Mkenya akione kilichobaki ili apate kukitetea.

Korongo taji wamepungua kweli, au ni maneno tu?

Wamepungua kweli. Tangu 2012 korongo taji (Balearica regulorum) amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wazee wa Nandi na Trans Nzoia, ambako baadhi ya koo za Kalenjin humheshimu kama alama ya ukoo, wanakumbuka makundi makubwa mashambani. Leo kuona jozi yenye makinda ni habari ya kumsimulia jirani. Ndege huyu hulaza nyasi na matete katikati ya maji ya kina kifupi, hutaga kwa kawaida mayai mawili au matatu, na wazazi wote wawili huatamia kwa takribani mwezi mmoja. Baada ya hapo makinda hutembea kwa miguu miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuweza kuruka, na kipindi hicho kirefu ndicho kinachowaponza: kinamasi kikikaushwa ili kupandwa mahindi au mboga, hawana pa kujificha, na wengine hukamatwa na kufugwa kama pambo la uani. Korongo aliyefugwa peke yake uani hatazaa, na kwa hesabu ya uhifadhi ni sawa na aliyekufa.

Pa kuwaona ni Mbuga ya Kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, iliyotangazwa 1974 na yenye ukubwa wa takribani kilomita tatu za mraba tu, na pia kinamasi cha Kingwal katika Kaunti ya Nandi. Vyote viwili pia ni makazi ya nzohe.

Nitajuaje kwamba nimekaribia kiota?

Ndege mwenyewe atakujulisha, na kila mtu anayetembea ukingoni anapaswa kuzijua ishara zake. Wa jenasi ya Vanellus hupiga kelele mfululizo na kukuzunguka kichwani, wakati mwingine wakishuka kwa kasi usoni. Wengine hujifanya wamevunjika bawa na kujikokota mbele yako. Watoto hupenda kuwafuata wakidhani ni wagonjwa, ilhali lengo la ndege ni kukupeleka mbali. Wengine hulala chini kana kwamba wameatamia, mahali ambapo hapana yai. Ishara ngumu kuliko zote ni ile ya ukimya: ndege huinuka, hutembea akiwa ameinamisha kichwa, kisha husimama mbali akikutazama bila kula. Ndege asiyekula wakati unamtazama ana jambo linalomshughulisha.

Ukiona lolote kati ya hayo, simama, tazama miguuni pako, kisha rudi kwa njia ileile uliyojia, ukikanyaga nyayo zako. Usitafute kiota ili ukithibitishe na wala usimwite mwenzako aje kuona.

Sababu ya ukali wetu ni jua. Tope tupu la Nakuru saa saba mchana huwa na joto ambalo yai haliwezi kulistahimili muda mrefu. Ndiyo maana mzazi wakati huo haatamii ili kuyapasha mayai joto bali husimama juu yake kuyatilia kivuli, na wapo wanaokwenda majini kulowesha manyoya ya tumbo kisha kurudi kuyapoza. Mtu anayesimama karibu na kiota kwa dakika chache akipiga picha huenda asiguse kitu, lakini mzazi hawezi kurudi. Zaidi ya hayo, kunguru na kwarara wana akili ya kutosha kugundua ndege waliokurupushwa, na hufika upesi.

Nimeokota kinda peke yake. Nimpeleke wapi?

Inategemea ni kinda gani. Kama ana manyoya laini yenye madoa, miguu mirefu, na yuko ardhini karibu na maji, hajapotea. Mrudishe ulipomtoa mara moja na uondoke, wazazi wako karibu. Dhana kwamba mzazi atamkataa kwa sababu ameguswa na binadamu haina ukweli kwa ndege hawa. Kama ni kinda wa yangeyange au korongo aliyeanguka chini ya mti akiwa hana manyoya ya kuruka, hali ni tofauti, kwa sababu wazazi mara nyingi hawamlishi chini; wajulishe maafisa wa Huduma ya Wanyamapori ya Kenya walio karibu. Usimpe maziwa wala ugali.

Ng'ombe wetu wamelishwa ukingoni tangu zamani. Je, tuwaondoe?

Hapana, na tungependa jibu hili lisomwe kwa makini na wale wanaodhani uhifadhi ni kumfukuza mchungaji. Ndege wa nyasi fupi wanahitaji nyasi zilizolishwa. Ng'ombe wakiondolewa kabisa, majani hurefuka na ndege hao huhama. Tatizo ni kundi kubwa kukaa mahali pamoja wiki zile ambazo mayai yako chini. Mchungaji, ambaye ndiye anayejua zaidi kuliko mtu yeyote ndege wanalilia wapi, anaweza kuacha kipande hicho kwa mwezi mmoja hivi, kisha akarudi. Wanaofanya hivyo wapo, na wanastahili heshima kuliko wanavyopewa.

Mbwa ni jambo lingine. Mbwa wasiofungwa ukingoni ni janga kwa viota, na hapo hatuna la kulegeza.

Yangeyange wamejaa kwenye mti wa nyumbani na harufu imetuzidi. Tukate?

Msikate wakati kuna makinda. Tangu kutaga hadi makinda kujitegemea ni takribani miezi miwili na nusu. Baada ya hapo wataondoka wenyewe, na mnaweza kupogoa matawi ili msimu ujao wachague mti mwingine. Kwa sasa tandazeni majani makavu au maranda chini ya mti na kuyaondoa mara kwa mara. Mti ukiangushwa msimu wa viota, makumi ya makinda hufia chini, na harufu mnayoikimbia itakuwa mbaya zaidi.

Wakulima wa mpunga wanasema ndege ni adui. Mnasemaje?

Mkulima wa Ahero au Bunyala anayepoteza mavuno kwa ndege wadogo walao nafaka ana malalamiko ya haki. Lakini yangeyange, kwarara na korongo domo-wazi (Anastomus lamelligerus) hawali mpunga. Korongo domo-wazi hula konokono, na domo lake lenye pengo katikati limeumbwa kwa kazi hiyo. Yangeyange hula panzi, vyura na viwavi. Inasikitisha kwamba huko Bunyala korongo hao ndio waliowindwa kwa kutegeshewa konokono waliotiwa sumu ya wadudu aina ya carbofuran, kisha wakauzwa kama kitoweo. Sumu hiyo haitoki ndani ya nyama kwa kupikwa. Tunamwomba kila anayeuziwa nyama ya ndege wa majini asiyejulikana alivyouawa asimpelekee mtoto wake.

Nimeona ndege mwenye pete ya chuma mguuni. Ina maana gani?

Amewahi kukamatwa na watafiti, akapimwa na kuachiliwa. Ukiweza kusoma namba kwa darubini au kwenye picha, ipeleke Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na tarehe na mahali. Ni kwa pete kama hizo ndipo ilipojulikana kwamba ndege wanaokaa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa hutaga hadi Siberia.

Ninaweza kusaidia vipi bila kuwa mtaalamu?

Kila Januari, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wajitolea huungana na Makumbusho ya Taifa na shirika la uhifadhi la Nature Kenya kuhesabu ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa na kwingineko. Anayeanza hupewa mzoefu wa kumwongoza, na kazi yake ya kwanza huenda ikawa kuandika namba tu, kazi ambayo bila hiyo hesabu haiendi. Nyakati nyingine unaweza kutuma orodha za ndege uliowaona kwenye Kenya Bird Map au eBird, ambazo ni kumbukumbu za mtandaoni za ndege. Orodha ya ndege wa kawaida kutoka kinamasi kidogo cha Kakamega au Migori ina thamani kubwa kuliko orodha nyingine ya Nakuru, kwa sababu huko waangalizi ni wachache. Usitaje mahali hasa penye kiota cha korongo taji.

Saa nzuri ya kufika ni ipi, na naruhusiwa kutembea kwa miguu?

Ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru hairuhusiwi kutoka garini isipokuwa sehemu zilizotengwa, kwa kuwa kuna nyati, vifaru na simba. Ndege huliogopa gari kidogo kuliko wanavyomwogopa mtu, hivyo zima injini na ubaki ndani. Fika lango linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Malipo ni kwa njia ya kielektroniki. Dunga nako unaweza kutembea au kukodi mashua asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza, ukiwa na nahodha mwenyeji na jaketi la kuokolea, kwa kuwa viboko wapo. Mwambie nahodha mapema kwamba huhitaji kusogezwa hadi kwenye mafunjo. Wengi husogea kwa kudhani mgeni atafurahi.

Na droni?

Haziruhusiwi mbugani bila kibali maalumu, na juu ya viota haifai kuzirusha mahali popote, hata palipo nje ya mbuga. Ndege anayeatamia huichukulia droni kama tai, na kundi zima linaweza kuacha mayai kwa mara moja.